Mama Truphena na Mwanafunzi wa Nane

Alhamisi tarehe 30 Septemba 1999, saa kumi na moja jioni, Bi. Truphena Awuor Ragen atafunga ofisi ya udahili wa uzamili na kumkabidhi Mkuu wa Kitivo funguo. Atakuwa amekitumikia Chuo cha Uhandisi cha Asego kwa miaka ishirini na sita na miezi karibu minne, tangu ile Jumatatu ya tarehe 4 Juni 1973 alipoingia lango letu la Homa Bay akiwa na cheti cha kupiga taipu na barua ya pasta ambayo hakuna aliyemwomba ailete. Katika muda huo wote amekosa kufika kazini siku tisa, na ukimuuliza atakutajia sababu ya kila moja.

Kamati ya jarida ilinipa mimi, fundi wa maabara ya maji, kazi ya kuandika wasifu huu. Waliniambia niandike kwa ufupi, nisijitaje sana, na nisiguse habari ya pampu ya buluu. Nawashukuru kwa ushauri wao mwema, na nitajitahidi katika mambo mawili ya kwanza.

Mama Truphena alizaliwa Karungu mwaka wa 1944, katika nyumba ya wavuvi na wakulima walioshika kanisa kwa mkono mmoja na jembe kwa mkono mwingine. Aliolewa na Mwalimu Zadock Ragen, ambaye naye alistaafu miaka miwili iliyopita na tangu hapo amekuwa akiuliza kila mwisho wa mwezi kama bado tunamhitaji mke wake. Chuo kilipokuwa taasisi ndogo ya ufundi, Mama Truphena ndiye aliyechapa kila mtihani, kila barua ya kuajiriwa na kila barua ya kufutwa. Mwaka wa 1981 akawa karani mkuu wa Kitivo. Mwaka wa 1991 tulipoanzisha shahada za uzamili, ikaonekana kwamba lazima mtu mmoja awe na kazi ya kutafuta wanafunzi. Maprofesa waliamini kwamba wanafunzi wa uzamili huja wenyewe, kama nzige. Wakampa Mama Truphena kazi hiyo kwa sababu meza yake ilikuwa karibu na mlango.

Hawakuja wenyewe. Tuseme ukweli, kwa nini waje? Mhandisi kijana wa Migori au Homa Bay aliyekuwa na shahada yake ya kwanza alikuwa na mambo mengi ya kumvuta. Vyuo vya Nairobi vilijitangaza kwenye magazeti kwa herufi kubwa. Vyuo vya ng'ambo vilituma vitabu vizito vyenye karatasi ya kung'aa, ndani yake wanafunzi wenye meno meupe wameketi kwenye nyasi wakicheka, na hakuna hata mmoja anayeshika kikokotoo. Sisi tulikuwa na majengo matano, ziwa, na walimu waliolijua ziwa hilo. Wakuu wetu walipoona vitabu vile vya kung'aa wakasema na sisi tuwe na chetu.

Hapo ndipo nilipoingia mimi, na kosa hili nalikiri mbele ya wasomaji wote. Kamati ya kijitabu ya mwaka wa 1993 ilitaka picha ya maabara ya maji. Pampu yetu kubwa ilikuwa haijasukuma hata kikombe kimoja kwa miaka miwili na ilikuwa na kutu hadi kwenye boliti. Nikaambiwa niipendezeshe. Nikaipiga msasa, nikaipaka rangi ya buluu, nikasimama kando yake na koti jeupe la kuazima, mpiga picha akapiga. Chini ya picha waliandika kwamba Asego ina maabara ya kisasa. Mama yangu aliikata picha ile akaiweka ukutani, na bado iko.

Mama Truphena alipoletewa maboksi ya kijitabu hicho alikifungua katikati, akaniangalia, akakifunga tena. Nilitamani angenigombeza. Baadaye niligundua kwamba kila alipompa mtu kijitabu alikuwa akiweka kidole juu ya picha yangu na kusema, "Hiyo pampu haifanyi kazi. Walimu ndio wanafanya." Mkuu wa Kitivo alimwita akamwuliza ni muuzaji wa namna gani anayeichafua bidhaa yake mwenyewe. Alimjibu kwamba mhandisi akija hapa ataiona pampu siku ya kwanza, na afadhali aisikie kwake akiwa kwao kuliko aione akiwa ameshafungua sanduku.

Alikuwa na njia yake ya kufanya kazi, na hakuna kamati iliyomfundisha. Hakubandika matangazo kwenye mbao za vyuo. Alisema mhandisi aliyeajiriwa harudi chuoni kusoma ubao. Aliyabandika mahali ambapo wahandisi hufika wakitaka wasitake: kantini za viwanda vya sukari, ofisi za barabara, na hasa duka la vifaa vya ujenzi la Bwana Abdullah Suhail pale Migori mjini, ambako kila mtu wa maji kutoka Isebania hadi Rongo huenda kutafuta mabomba na koki. Bwana Suhail alimpa kona ya kaunta. Mtu akisubiri kupimiwa bomba, fomu iko chini ya pua yake. Bwana Suhail mwenyewe akawa wakala wetu bila kuajiriwa. Mteja akilalamika kwamba mradi wake unavuja kila mwaka, yeye humsukumia fomu na kumwambia, "Bomba yangu ni sawa, ndugu. Enda usome maji."

Na fomu yenyewe aliibadilisha. Chini kabisa, baada ya sahihi, alichapa mstari wake mwenyewe: "Nyumbani, ni nani lazima akubali kwanza?" Kitivo kilimcheka. Profesa mmoja aliuliza kama sasa tunasajili wanafunzi au tunapeleka mahari. Lakini Mama Truphena alikuwa amegundua jambo ambalo vitabu vya kung'aa havikuwa vimelijua. Mhandisi wa huku hakatai uzamili yeye. Anakataliwa na mama anayeuliza kama kijana hakumaliza shule, na mke anayeuliza nani atabaki na watoto, na kaka anayeuliza karo yake mwenyewe italipwa lini. Kwa hiyo aliandika majina ya watu hao wote kwenye kila faili, na akiwa na safari ya Migori alipitia kwao, akanywa uji, akaeleza.

Sasa nifike kwenye mwaka wa 1994, ambao ndio tunaoukumbuka zaidi na ndio Kitivo kingependa kuusahau.

Uzamili wa Uhandisi wa Maji ulikuwa haujapata wanafunzi wa kutosha kwa miaka miwili. Mwezi wa Septemba Seneti ilituandikia barua ya mistari minne: wanafunzi wanane waliotia sahihi kabla ya Ijumaa tarehe 28 Oktoba saa kumi jioni, la sivyo programu ifungwe na walimu wahamishiwe kwingine. Tulikuwa na fomu kumi na moja zilizochukuliwa. Zilizorudishwa zikiwa na sahihi zilikuwa tatu.

Mmoja wa hao watatu alikuwa Mhandisi Phelesia Robi wa Ntimaru. Wanaomjua leo kama mhadhiri wetu anayewafukuza wanafunzi wanaochelewa hawataamini, lakini wakati ule alikuwa msichana mwembamba wa ofisi ya maji ya Migori, mwanamke wa pekee pale asiyekuwa karani. Wizara ilikuwa imemnyima ruhusa ya masomo mara mbili. Mwanzoni mwa Oktoba alikuja Homa Bay akamwuliza Mama Truphena ana kwa ana kama programu itafunguliwa. Mama alimwambia, "Njoo. Itafunguliwa." Juma lililofuata Phelesia aliandika barua ya kuacha kazi, akachukua siku zake za likizo zilizobaki, akaja na sanduku moja, akapanga chumba mtaa wa Sofia. Mama Truphena hakutegemea angefanya hivyo upesi namna ile. Alipomwona langoni na sanduku alirudi ofisini, akakaa, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nikamwona amekaa bila kufanya chochote. Aliniambia waziwazi kwamba anaogopa. Wenye kijitabu walikuwa wametia chumvi kwenye picha, alisema, lakini yeye alikuwa ametoa neno lake, na mtoto wa watu ameacha kazi ya serikali kwa sababu ya neno hilo.

Akaamua kuwaita wote kumi na mmoja, pamoja na watu wao wa nyumbani, waje waone Kitivo siku ya Jumamosi tarehe 22. Barua zingechelewa. Njia ya haraka ilikuwa redio. Akaketi kwenye taipureta kuandika tangazo.

Wasomaji wetu wa mbali lazima waelezwe jambo moja. Kwa zaidi ya miaka ishirini, mfanyakazi yeyote wa Asego aliyefiwa alikuwa akimletea Mama Truphena tangazo la kifo achape kabla halijapelekwa redioni. Alikuwa anachapa vizuri, hakosei majina ya ukoo, na alijua nani atangulie kutajwa ili pasiwe na ugomvi kaburini. Mkono wake ulikuwa umeyazoea matangazo hayo. Basi alipoketi kuwaita wahandisi na jamaa zao, mkono ukafuata njia unayoijua. Nilipata nakala, na nainukuu sehemu moja kama ilivyokuwa:

"Habari ziwafikie jamaa ya Mhandisi Kerosi wa Masara, mamake mzazi aliye Nyamache, mkewe Mellen, ndugu zake walio Kericho na Nakuru, na marafiki wote popote walipo. Mnaombwa kufika Homa Bay Jumamosi saa nne asubuhi bila kukosa."

Na wenzake kumi vivyo hivyo. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mtu amefariki. Hakukuwa na haja. Mtangazaji alilitazama, akaliweka kwenye fungu ambalo yeyote kati yetu angeliweka, na likasomwa Alhamisi ya Sikukuu ya Kenyatta baada ya taarifa ya saa saba, katikati ya tangazo la mazishi na tangazo lingine la mazishi, nchi nzima ikiwa nyumbani karibu na redio.

Jumamosi nilifika mapema kupanga viti thelathini. Mama alikuwa ametayarisha chai ya watu arobaini, kwa tahadhari. Saa mbili na nusu tukasikia kilio kutoka upande wa stendi. Kilikuja kikipanda barabara. Kisha zikatokea pikapu mbili, lori moja la miwa, na watu wa miguu wenye matawi mikononi, akina mama wakiwa wametangulia wamejifunga leso kiunoni. Walikuwa zaidi ya mia mbili. Waliuliza maiti ziko wapi. Askari wa lango, ambaye hakuwa na habari yoyote, alivua kofia.

Katikati ya kundi lile walikuwamo marehemu wenyewe, saba au wanane, wamechoka kueleza. Mama mmoja kutoka Ndhiwa alikuwa ameshika mkono wa mwanawe mhandisi na bado analia, kwa sababu alisema ameshaanza na hawezi kukatisha. Wengine walicheka hadi wakaketi chini. Lakini Kerosi hakucheka. Alikuwa mhandisi wa mitambo aliyepunguzwa kiwandani, na sasa anatengeneza pampu za kutoa maji kwenye mashimo ya dhahabu kule Masara. Alipita katikati ya watu na suruali yake ya matope akasimama mbele ya Mama Truphena penye meza ya chai.

"Mimi nimeliliwa siku mbili, Mama," alisema. "Siku mbili! Nimefika nyumbani napata watu wamejaa, wazee wanabishana vile nitazikwa. Ng'ombe ilikuwa imefungwa tayari. Kwa nini? Nilikuchukulia fomu moja tu kwa duka ya Suhail!"

Mkuu wa Kitivo alinong'ona kwamba watu warudishwe makwao na lawama wapewe watu wa redio. Mama Truphena alikataa. Alimwacha Kerosi akiwa bado anapumua kwa hasira, akamwendea mama yake mzee, akamshika mikono yote miwili, akamwambia kwamba aliyeandika lile tangazo ni yeye, si redio, na kwamba hana kisingizio. Kisha alipanda juu ya benchi akawaambia watu wote vilevile, kwa Kiswahili na tena kwa Dholuo, na machozi yalimtoka. Halafu akasema kwamba kwa kuwa wameshafika, na safari imeshawachosha, wasirudi bila kujua walichoitiwa.

Nimehudhuria siku nyingi za wageni katika Kitivo hiki. Nimewaona wataalamu waliokuja na mashine ya kuonyesha picha ukutani. Sijasikia mtu akiieleza shahada ya uzamili kama alivyoieleza yeye juu ya benchi lile. Alisema ni miaka miwili. Alisema katika miaka hiyo mhandisi hataleta sana nyumbani, na anayewadanganya kwamba ataleta awaonyeshe vipi. Alisema akimaliza hatakuwa tajiri, lakini bomba atakalolaza halitapasuka kila masika, na mtu akitaka kujua kwa nini watoto wa pwani ya ziwa wanaumwa tumbo huku maji yamewazunguka, huyu ataweza kumjibu na kufanya kitu. Mzee mmoja aliuliza kama mwanawe hakumaliza kusoma. Alimjibu kwamba alimaliza kusoma ya kuajiriwa, sasa anaitwa kusoma ya kutatua. Mellen, mke wa Kerosi, aliuliza kama wake wanaweza kuja mwisho wa juma. Mama alisema anazo nyumba tatu ameshaziongelea.

Baadaye tukawatembeza. Katika maabara mama yake Kerosi alisimama mbele ya pampu ya buluu. Alikuwa ameona vijitabu mikononi mwa watu.

"Hii ndio ile ya picha?" aliniuliza. "Inapiga maji?"

Nilitazama chini. Mama Truphena alijibu kwa niaba yangu. "Hapana, Mama. Hii imekufa, yapata miaka mitatu."

Mama mzee yule aliizunguka polepole, akaigonga na fimbo. "Kumbe maiti ni hii," alisema. "Na tumelia mtoto bure."

Maabara nzima iliangua kicheko, Mkuu wa Kitivo naye, na Kerosi akashindwa kujizuia. Lakini hakutia sahihi. Alituambia wazi kwamba hawezi kuingia shule inayopaka maiti rangi. Wanne wengine walitia sahihi kabla ya chai kuisha, kila mmoja na watu wake wamemzunguka wakisoma mstari wa mwisho wa fomu. Jioni tulihesabu saba. Watatu waliobaki walikuwa wameshatuaga, wawili kwa sababu ya kazi na mmoja kwa sababu mama mkwe wake aliapa hataki tena kulisikia jina la Asego.

Jumatatu tulikuwa na saba. Jumanne saba. Jumatano Kerosi alitokea langoni na mfuko wa spana. Alisema mama yake amemtuma. Alivua shati, akaifungua pampu yangu, na akanifanya nione aibu kwa kila boliti. Shafti ilikuwa nzima. Kilichokuwa kimekufa ni mpira wa kuzuia maji na beringi mbili, vitu ambavyo Bwana Suhail alikuwa navyo kwenye rafu muda huo wote. Nilikuwa nimekipaka rangi kitu ambacho ningeweza kukitengeneza.

Alhamisi mchana Mkuu wa Kitivo alikuja ofisini kwa Mama Truphena na wazo. Seneti inataka majina manane, alisema, basi tuandike jina la nane, la mtu yeyote, ambaye mwezi ujao ataonekana amebadilisha nia. Nilikuwepo nikisaini risiti ya vipuri. Phelesia alikuwa nje kwenye benchi, na mlango ulikuwa wazi. Kwa Mama Truphena lilikuwa jambo dogo sana la kuchapa, na lingemwokoa msichana yule. Aliondoa vidole kwenye taipureta. Kisha akasema, "Majina ya watu nimeshatangaza vya kutosha." Mkuu wa Kitivo aliondoka. Mama alitoka nje akaketi kwenye benchi kando ya Phelesia akamweleza mambo yalivyo: tuko saba, na kesho saa kumi ndio mwisho. Phelesia alimsikiliza, akaitikia kwa kichwa. Walikaa pale wawili, na mimi nikarudi kwa pampu kwa sababu sikuweza kuwatazama.

Ijumaa saa nane na dakika arobaini pampu ya buluu ilikohoa, ikatetemeka, ikatapika maji mekundu sakafuni, kisha yakaja meupe. Nilipiga kelele. Watu wa ofisi zote walikuja. Mama Truphena alisimama na viatu vyake ndani ya maji akipiga makofi kama yuko kanisani, na hakutaja fomu hata mara moja. Kerosi alijipangusa mikono akamwuliza mbona haulizi. Alimjibu kwamba ameshamliza mama yake mara moja, hataki kumsumbua mtoto wake mara ya pili.

"Wewe ulisomesha kifo changu kwa redio," Kerosi alisema, "lakini hujanidanganya hata siku moja. Leta hiyo karatasi."

Alitia sahihi saa tisa na dakika tano. Alama ya kidole chake cha grisi bado iko kwenye fomu, na Seneti iliipokea hivyo.

Mengine yanajulikana. Programu haijapungukiwa na wanafunzi tangu siku hiyo. Mwaka huu tuna ishirini na wawili, na waliohitimu wamefika thelathini na saba. Mvua za El Niño zilipovunja mabomba ya wilaya mbili na magugu ya ziwa yakaziba mahali mji wa Homa Bay unapovutia maji, wanafunzi wetu ndio waliokuwa ndani ya maji hayo hadi kifuani, na Mhandisi Kerosi mbele yao akifoka. Kijitabu kipya hakina picha ya kupangwa. Mstari wa mwisho wa fomu sasa uko kwenye fomu za vitivo vyote, na profesa aliyeuliza habari ya mahari huwaeleza wageni faida yake kana kwamba aliubuni yeye.

Lakini ipo habari moja ambayo haikujulikana hadi mwezi wa Julai mwaka huu, nilipofunga safari kwenda Ntimaru kumtembelea Bwana Nyamhanga, aliyekuwa mkuu wa ofisi ya maji ya Migori na sasa analima mahindi. Nilitaka anipe sentensi moja ya kumsifu Mama. Akanipa hii.

Siku tatu baada ya Phelesia kuwasilisha barua yake ya kuacha kazi, Mama Truphena alifika ofisini kwa Bwana Nyamhanga bila miadi. Alimwomba barua ile asiipeleke mbele, aikalie kwanza hadi mwisho wa mwezi. Kama programu ingefungwa, msichana angerudi mezani kwake Jumatatu kama mtu aliyetoka likizo, na hakuna faili lolote ambalo lingejua aliwahi kuondoka. Bwana Nyamhanga alimwuliza kama Phelesia mwenyewe ameelezwa. "Usimwambie," Mama alisema. "Akijua anaweza kurudi, atarudi. Na huyu si mtu wa kurudi." Barua ikakaa kwenye droo, chini ya chupa ya chai, zaidi ya majuma mawili. Jumatatu tarehe 31 Oktoba Mama alifika tena Migori. Hakuketi. Alisimama mlangoni akasema maneno mawili tu: "Sasa peleka."

Bwana Nyamhanga alisema hakuwa Phelesia peke yake. Niliporudi niliuliza katika ofisi nyingine nne, na zote nne zilikuwa na droo kama hiyo. Wakati sisi tulikuwa tukipaka rangi ili watu waingie kwa mlango wa mbele, yeye alikuwa akizunguka nyuma kuushika ule mlango wa kazi zao waliotokea, usije ukajifunga kabla hawajafika.

Mhandisi Phelesia, najua unayasoma haya kwa mara ya kwanza hapa. Samahani. Mama alinikataza, na nimemkaidi kwa makusudi, kwa kuwa kuanzia Ijumaa hawezi tena kunipeleka kwa Mkuu wa Kitivo.

Mama Truphena, kwa niaba ya walimu, mafundi, makarani, na wahandisi wote uliowalilia wakiwa hai, tunasema asante. Nenda Karungu salama, Mwalimu Zadock akupokee, afya iwe yako na usingizi uwe mzito. Na siku yoyote ukiona kustaafu hakukufai, rudi bila kumwandikia mtu. Mlango sasa tumeushika sisi.